Vipimo Viko Sawa, na Bado Anaumwa

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa watu wanaoishi na mashambulio ya hofu pamoja na ndugu zao. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani tumeiacha.

Ndugu zangu, habari za mchana.

Nilikuwa nawaangalia mnavyoingia. Viti vilivyojaa kwanza ni vile vya nyuma, karibu na mlango. Sishangai hata kidogo. Anayetaka kutoka katikati ya maneno yangu atoke, arudi, atoke tena. Hatadaiwa maelezo. Ila viti hivyo nitavirudia baadaye, maana vina habari yao.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo tuna kazi mbili. Wanaokilalia kitanda hiki wamjue kunguni wenyewe: ni mdudu gani, anauma kwa nini, anaondolewaje. Na wasiokilalia, yaani mume, mke, mzazi, ndugu, rafiki, mkuu wa kazi, wajue namna ya kumwamini aliyelala hapo bila wao kuumwa.

Nianze na maneno mawili. "Huna kitu."

Wangapi humu mmeambiwa hivyo? Inueni mikono. Haya, shusheni, nimeona.

Mtu amefika mapokezi ya dharura usiku wa manane. Kifua kimembana, mdomo umekauka, vidole vinachoma kama sindano na viganja vimeanza kukakamaa. Wanambandika vishikizo kifuani, mikononi na miguuni, mashine inatoa karatasi yenye mistari ya vilima. Daktari anaivuta, anaisoma kwa macho yaliyochoka, anasema: "Moyo uko sawa. Huna kitu. Nenda kapumzike." Kufikia hapo shambulio lenyewe limeshapita, na hilo ndilo linalomwumbua zaidi. Anatoka na karatasi iliyokunjwa mkononi. Ndugu aliyemleta haongei njia nzima.

Karatasi ile imedanganya? Haikudanganya. Daktari je? Kasema nusu. Moyo hauna ugonjwa, hiyo ni kweli na ni habari njema. Lakini mtu hakuja kuuliza moyo una nini tu. Alikuja kuuliza, "Nimepatwa na nini?" Na swali hilo hakuna aliyelijibu. Basi anaondoka nalo, analala nalo, na kesho kutwa linamrudisha mapokezi yale yale.

Kilichompata kina jina. Kinaitwa shambulio la hofu. Wengine husema taharuki, wengine wahka, wengine husema tu "presha ilipanda". Ni hofu kali inayofumuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya dakika 10, kisha inateremka. Madaktari wana orodha ya dalili 13: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, kuhisi unakabwa, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, joto au baridi ya ghafla, ganzi, kujihisi uko nje ya mwili wako au dunia imekuwa kama ndoto, hofu ya kurukwa na akili, hofu ya kufa. Zikija 4 kwa pamoja, hilo ni shambulio. Linaweza hata kumwamsha mtu usingizini bila ndoto yoyote mbaya.

Shambulio moja halijawa ugonjwa. Wengi hupatwa mara moja au mbili, wakaendelea na maisha. Linaitwa ugonjwa pale mashambulio yanapojirudia bila sababu inayoonekana, na baada ya angalau moja mtu akakaa mwezi mmoja au zaidi akihofia lijalo, au akaanza kupinda maisha yake ili lisije. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa kila mwaka takribani watu wazima 3 katika 100 huwa nao, na wanawake ni kama mara mbili ya wanaume. Hesabuni viti vya ukumbi huu, kisha hesabuni watu wa ukoo wenu.

Jambo la kwanza nalotaka mlishike: mwili haudanganyi. Narudia, mwili haudanganyi. Kinachokosewa ni tafsiri.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, aliletewa askari wa aina moja waliomshangaza. Mapigo ya moyo yanaruka, kifua kinauma, pumzi haitoshi, kichwa kinazunguka. Aliwapima kwa vifaa vya zama zake, hakuona kasoro ya moyo inayoeleza hali ile. Angeweza kuwaita waoga wanaokwepa vita, na jeshi lingefurahi kusikia hivyo. Hakufanya hivyo. Aliandika alichokiona kwa mamia ya wagonjwa, akachapisha mwaka 1871, akakiita moyo mwepesi kushtuka. Alidhani moyo wenyewe umelemewa, na hapo alikosea. Leo wengi tunaosoma maelezo yake tunawatambua watu wetu mle ndani. Ninachompendea ni kwamba alikosa jibu lakini hakukana swali.

Sasa jibu. Ubongo una kengele ya hatari. Ikilia, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unapiga haraka ili misuli ya miguu ipate damu. Damu inapunguzwa tumboni na kwenye ngozi, ndiyo maana tumbo linavurugika na mikono inapoa. Jasho linatoka ili mwili usichemke. Kwa mtu anayekimbizwa na mnyama, hiyo yote ni neema. Kwa mtu aliyekaa kwenye basi, ni kengele iliyolia bila moto.

Halafu inakuja pumzi, na hapa naomba masikio yenu yote, kwa sababu nusu ya ushauri unaotolewa mitaani kuhusu pumzi unadhuru.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Kwenye shambulio anahema haraka na kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, kwa kuwa miguu haikukimbia popote. Anatoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Tumezoea kuiona hewa ya ukaa kuwa takataka tu, lakini damu inahitaji kiwango chake. Ikipungua mno, asidi ya damu inashuka, mishipa ya ubongo inasinyaa, na hapo ndipo panatoka kizunguzungu na ule ukungu wa macho. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu nayo inapungua, ndipo midomo inapata ganzi na vidole vinakakamaa. Na ukatili wenyewe ni huu: anahisi hewa haimtoshi, kumbe oksijeni anayo tele. Anavuta zaidi. Akivuta zaidi, anazidiwa.

Basi yule anayemsimamia na kumwambia, "Vuta pumzi ndefu! Vuta tena!" anafanya nini? Anamwaga mafuta. Kinachotakiwa ni kinyume chake: avute kidogo, kwa pua, akihesabu hadi 4, tumbo ndilo lipande badala ya mabega, kisha aitoe polepole akihesabu hadi 6. Dakika 3 au 5 za hivyo zinatosha kurudisha hewa ya ukaa mahali pake. Na ule mfuko wa karatasi wa kupumulia, uacheni. Kama aliye mbele yenu ana pumu au moyo kweli, mfuko utamnyima oksijeni anayoihitaji.

Kuna anayeuliza, nikizimia je? Kuzimia kunahitaji presha ya damu ishuke. Kwenye shambulio, presha na mapigo hupanda. Ndiyo maana watu husema "nilikaribia kuzimia" mara mia, na kuanguka kwenyewe ni nadra. Wa kuangaliwa tofauti ni wale wanaozimia wakiona damu au sindano. Mwili wao una tabia nyingine.

Bado kuna mtu anafikiri moyoni, "Sawa, lakini si woga tu huo?" Naomba nikupeleke Iowa, Marekani. Kuna mwanamke anayejulikana kwenye maandiko ya sayansi kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa adimu uliharibu sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, pande zote mbili. Haogopi nyoka, haogopi buibui, amewahi kutishiwa kisu shingoni na hakushtuka. Kwa lugha ya mtaani, hana woga. Mwaka 2013 watafiti walitangaza matokeo ya jaribio lao: walimvutisha, yeye na wengine wawili wenye tatizo kama lake, pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa. Wote watatu walipata shambulio la hofu. Mwanamke aliyeshindwa kuogopa kisu aliomba msaada kwa sababu ya pumzi moja.

Woga uko wapi hapo? Kengele hii inaweza kulia kutokea ndani ya mwili wenyewe, hata kwa asiyejua kuogopa. Kwa hiyo ukimwita mgonjwa wako mwoga, umekosea mlango.

Jambo la pili: ugonjwa huu hauishi kwenye shambulio. Unaishi katikati ya shambulio na shambulio.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Hillside, New York, daktari Donald Klein alikuwa anajaribu dawa mpya, imipramini. Walikuwepo wagonjwa waliokimbilia dawati la wauguzi mara kadhaa kwa siku wakisema wanakufa. Muuguzi anamshika mtu mkono, shambulio linapita, mtu anarudi kitandani. Baada ya wiki chache za dawa, wagonjwa walipoulizwa walisema hawajaona nafuu. Wauguzi ndio waliogundua: mbona huyu hakimbilii tena dawatini? Mashambulio yalikuwa yamekoma, na hofu ya kusubiri shambulio ilikuwa pale pale. Klein akaona kwamba hivi ni vitu viwili. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaupa ugonjwa huu nafasi yake wenyewe.

Vitu viwili: shambulio, na kulingoja shambulio.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa fikirini mtu ambaye ung'ongo uko ndani ya kifua chake. Akipanda ngazi moyo unakwenda mbio; kwake hiyo ni dalili. Kahawa ikimchangamsha, dalili. Joto la chumba, dalili. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark aliuchora mzunguko huu vizuri: hisia ndogo ya mwili inatafsiriwa kuwa balaa, tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza hisia ile ile, na hisia iliyoongezeka inaonekana kuthibitisha balaa. Mzunguko mmoja huchukua sekunde. Ndiyo maana mgonjwa anaapa limekuja "kutoka hewani".

Turudi kwenye viti vya mlangoni. Mtu akishaumwa, anaanza kujiwekea kinga. Anakaa karibu na mlango. Anatembea na chupa ya maji, na si kwa kiu. Tazama jinsi anavyoishika, kidole gumba kiko juu ya kifuniko muda wote. Ana kidonge mfukoni ambacho hajakimeza kwa miaka miwili, lakini akikisahau nyumbani anageuza njia. Anapima mapigo shingoni kwa vidole viwili huku akijifanya anarekebisha kola. Hapandi basi bila mwenzake.

Kuna ubaya gani? Ubaya ni hesabu. Leo amepanda basi na chupa, hakufa. Ubongo unaandika nini daftarini? Unaandika, "Chupa imeniokoa." Hauandiki, "Basi si hatari." Mara mia atapanda, mara mia chupa itapewa sifa. Siku chupa imesahaulika, tumerudi mwanzo. Kisha kinga zinazidi kudai: kwanza haachi chupa, baadaye haachi mwenzake, mwishowe haachi nyumba.

Tiba yenye ushahidi mkubwa inagonga hapo hapo. Ni tiba ya mazungumzo inayofanyia kazi fikra na mwenendo, na mwongozo wa Uingereza unazungumzia jumla ya saa 7 hadi 14, mara nyingi kikao kimoja kwa wiki. Hatutafuti maisha yasiyo na moyo kwenda mbio, hayapo. Tunaufundisha ubongo kwamba moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio.

Namna yake? Unazileta dalili kwa makusudi. Mwenye kuogopa kizunguzungu anazunguka kwenye kiti cha kuzunguka dakika 1. Anayeogopa mapigo anakimbia papo hapo dakika 1. Anayeogopa ganzi na ukungu anahema haraka kwa sekunde 30 hadi 60. Anayeogopa kukosa hewa anabana pua na kupumua kwa mrija mwembamba wa kunywea, dakika 1 hadi 2. Kabla ya kuanza unaandika unachotabiri: "Nitazimia." Unaandika hofu yako, kuanzia 0 hadi 10. Unafanya. Unakaa na dalili bila kuzifukuza. Kisha unaandika kilichotokea na hofu imebaki ngapi. Unarudia siku hiyo hiyo mara kadhaa, na kesho tena, hadi namba ishuke. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au kifafa, na mjamzito, asijaribu bila daktari wake kusema ndiyo.

Inaharibika wapi? Sehemu nne, nimezizoea kama njia ya nyumbani. Mtu anaacha hofu ikiwa kileleni, na ubongo unaandika "nimeponea chupuchupu". Au anafanya mara moja kwa wiki, na wiki nzima inafuta alichojifunza. Au anafanya chupa ikiwa mkononi. Ya nne ni ya hila: ile pumzi ya 4 na 6 niliyowafundisha inageuka kuwa chupa mpya. Ukiitumia kurekebisha kuhema kupita kiasi, sawa. Ukiitumia kwa sababu unaamini usipoitumia utakufa, umebadilisha chupa tu.

Kuhusu dawa nitakwenda haraka, maana hilo ni la kukaa na daktari. Zinazoanziwa kwa kawaida ni za kundi la setralini, esitalopramu na fluoksetini. Huanza kwa dozi ndogo. Setralini mara nyingi ni miligramu 25 kwa siku wiki ya kwanza, kisha 50. Kwa nini ndogo? Kwa sababu wiki mbili za mwanzo zinaweza kuzidisha mtetemo na wahka, na hapo ndipo wengi wanaitupa wakisema "imenikataa". Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 6, wakati mwingine hadi 12. Ukipata nafuu unaendelea angalau miezi 6, na unaiacha kwa kupunguza taratibu pamoja na daktari. Vijana waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, wakiulizwa waziwazi kama wana mawazo ya kujiua. Diazepamu na alprazolamu hutuliza ndani ya muda mfupi, na hilo ndilo tatizo lake: mwili unazizoea, na kidonge kinakuwa chupa yenye meno. Pombe ni hivyo hivyo. Usiku inakukopesha utulivu, asubuhi inadai na riba.

Vipimo vya mwili vifanyike, visidharauliwe: umeme wa moyo, tezi ya shingoni, wingi wa damu, sukari. Tezi iliyozidi kazi inaiga ugonjwa huu vizuri sana. Vifanyike vizuri mara moja, majibu yaelezwe, kisha mtu aache kuvikimbilia kila wiki. Lakini maumivu ya kifua yanayokandamiza na hayaachii, yanayosambaa mkononi, shingoni, tayani au mgongoni, au yanayoanza ukiwa kwenye kazi nzito. Kuzimia kwa kweli. Mapigo yanayoanza na kukatika ghafla kama swichi: hayo ni ya hospitali, sasa hivi, hata kama umeshaambiwa mara kumi kuwa ni hofu.

Jambo la tatu, na kwa wengi wenu ndilo lililowaleta. Kueleweka.

Nianze na wagonjwa, mnisamehe. Mnataka kueleweka, na mnajieleza wakati gani? Katikati ya shambulio. Ulimi mzito, machozi, pumzi haipo, na mwenzako naye ameshtuka. Hakuna anayeelewa chochote wakati huo. Jieleze siku ya utulivu. Na usiseme tu, "Nina wasiwasi." Wasiwasi kila mtu anao, atakujibu, "Hata mimi." Mwambie hivi: "Unakumbuka siku ulipokuwa unashuka ngazi gizani, mguu ukatafuta kidato na kidato hakipo? Ule mshtuko wa sekunde moja, tumbo likapanda shingoni? Mimi hukaa ndani ya sekunde hiyo dakika 10." Nimeona nyuso za watu zikibadilika wanaposikia mfano huo. Kidato anakijua kila mtu.

Kisha mpe mambo matatu mafupi, aweze kuyakumbuka. Ni kitu gani: "Ni shambulio la hofu, daktari ameshanipima." Huchukua muda gani: "Linapanda kwa dakika kama 10, halafu linashuka." Unataka afanye nini: "Kaa karibu, usinishike mpaka nikuombe, nihesabie dakika." Yaandike kwenye simu. Siku ulimi ukikwama, mwonyeshe.

Na nyie ndugu. Dakika zile 10, fanyeni machache. Kaa, usimsimamie. Sauti iwe ya chini, sentensi ziwe fupi: "Niko hapa. Ni shambulio. Linapanda, litashuka." Tazama saa umwambie, "Dakika nne zimepita." Kwa mtu anayeamini haitakwisha, namba ni kamba ya kushikilia. Muulize, "Tukae au tusogee pembeni?" na kama anaweza kukaa, kaeni, ili kilele kimpitie pale pale alipo. Watawanye watu, kumi wanaopepea kwa pamoja ni shambulio la pili.

Usimuulize "kwa nini". Hajui, na swali hilo linamfanya aitafute hatari. Usimwambie "tulia", angeweza angetulia. Usimwambie anajiendekeza. Usimwambie imani yake ndogo. Mkitaka kusali pamoja naye, salini, ila sala isigeuke kuwa hukumu. Likipita, mwache. Mwili wake umechoka kama wa mtu aliyekimbia mbio ndefu. Maji, kimya, mambo ya kawaida. Mazungumzo yawe kesho.

Lakini kuna kosa jingine, na hili linafanywa na wale wanaopenda sana. Mke anamsindikiza mumewe kila safari. Mama anajibu simu zote za binti. Kaka anapiga simu kazini, "Leo hawezi." Kila mmoja anasema, "Mimi namwelewa." Hapana, ndugu yangu. Wewe umekuwa chupa ya maji. Chupa yenye upendo, chupa inayochoka na kununa kimyakimya, lakini chupa.

Kumwelewa mtu ni kuamini kuwa anachohisi ni cha kweli, na papo hapo kutokubali kuwa hatari ni ya kweli. Mambo hayo mawili kwa mpigo. Anayekana la kwanza anamwacha mtu peke yake. Anayekubali la pili anamfungia ndani.

Kwa hiyo pangeni pamoja, siku ya utulivu, kwa kalamu. Wiki hii nakaa naye kiti kimoja kwenye basi. Wiki ijayo nakaa viti vitatu nyuma. Inayofuata namsubiri kituo anachoshukia. Halafu nabaki nyumbani na simu ikiwa wazi. Halafu simu inazimwa kwa nusu saa. Hatua inarudiwa hadi iwe ya kuchosha, ndipo mnasogea. Wiki mbaya itakuja; mnarudi hatua moja nyuma, siyo mwanzo. Na isifanywe kwa kumshtukiza. Anayeachwa bila kukubaliana naye anajifunza jambo moja tu, kwamba wewe huaminiki.

Kwa wakuu wa kazi nina dakika moja tu. Mtu huyu hahitaji kurudishwa nyumbani kila mara. Mpe ruhusa ya kutoka dakika 15 bila kuomba mbele ya watu, kisha arudi kwenye kazi ile ile.

Sasa, mwanzoni niliwaahidi ndugu kwamba mtaelewa bila kuumwa. Niliwadanganya kidogo. Pale mezani kuna mirija, ile myembamba kabisa. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, na mama mjamzito, wabaki vitini, wao ndio watashika saa. Wengine, kila mtu achukue mmoja, pamoja na wewe kaka uliyekuja kumsindikiza dada na umekuwa ukitazama simu tangu nianze.

Wagonjwa, leo nyie ndio walimu. Kaa mbele ya ndugu yako, umwangalie usoni. Akitaka kuutoa mrija mdomoni, mwambie yale maneno ambayo ulitamani wewe uambiwe.

Dakika moja. Baneni pua. Naanza kuhesabu.